Pumzi na Kasumba: Utafiti wa Kurejesha Upumuaji na Maana Yake kwa Mji wa Siyu

Utangulizi

Mji wa Siyu, ulioko katika kisiwa cha Pate, si mgeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Historia huutaja kwa ngome yake na kwa ukaidi wa watawala wake dhidi ya masultani wa Zanzibar katika karne ya 19. Wachunguzi wa sanaa huutaja kwa mafundi wa ngozi na mbao, na kwa wanakili waliozalisha misahafu katika karne za 18 na 19, ambayo baadhi yake ingali imehifadhiwa katika makumbusho hadi leo. Fasihi nayo huutaja kwa sababu Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake maarufu mnamo mwaka 1858 hali akiwa mgonjwa, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu.

Makala haya yanautazama mji huo kwa jicho jingine. Siyu ni mji ambao hospitali kubwa haiko mlangoni pake. Hospitali ya kisiwani iko Faza, upande wa kaskazini-mashariki. Ile kubwa ya kaunti, yaani King Fahd, iko mjini Lamu, ng'ambo ya maji. Chombo kiingiacho au kitokacho Siyu hupita katika hori jembamba lililozungukwa na mikoko, nalo huwa na kina cha kutosha wakati maji yamejaa. Baina ya maji kujaa na kupwa hupita muda wa saa sita hivi. Kwa upande mwingine, ubongo wa binadamu aliyeacha kupumua huanza kudhurika baada ya dakika chache tu, nne au tano hivi. Mgonjwa wa homa au wa mfupa uliovunjika anaweza kuyasubiri maji. Mtu aliyekatikiwa na pumzi hawezi.

Miongoni mwa mambo yanayokata pumzi kwa namna hiyo ni dawa za jamii ya afyuni: mofini, heroini, methadoni, fentanili na nyinginezo. Makala haya yanadhamiria kueleza, kwa lugha ya Kiswahili, jinsi dawa hizo zinavyozima upumuaji, jinsi watafiti walivyotumia wanyama kutafuta njia za kuurejesha, na kile ambacho matokeo ya tafiti hizo yanaweza na yasichoweza kuahidi kwa watu wanaoishi mahali kama Siyu. Hoja ya msingi ni kwamba tatizo zima linatokana na jambo moja: dawa inayompa mtu pumziko hupita katika njia ile ile inayobeba pumzi yake. Kazi ya sayansi ni kuzitenganisha njia hizo mbili.

Maneno Kabla ya Dawa

Inafaa kuanza na msamiati, kwa kuwa mkanganyiko wa maneno huzaa mkanganyiko wa matendo. Kiswahili kina neno afyuni, lililokuja kwa njia ya Kiarabu na ambalo asili yake ni Kiyunani, kwa ajili ya utomvu mkavu wa mmea uitwao mpopi. Kina pia neno kasumba, lenye maana hiyo hiyo. Hata hivyo, matumizi ya leo yamelihamisha neno kasumba kwenye uwanja wa fikra. Msikilizaji anayetajiwa kasumba huwaza mara moja mawazo ya kikoloni yaliyomlevya mtu akili. Sitiari imelimeza neno lenyewe, na maana ya awali imebaki kamusini.

Mitaani, heroini huitwa unga, na mtumiaji wake huitwa teja. Hali ya mateso inayompata teja anapoikosa dawa huitwa arosto. Maneno haya yanaeleweka mara moja pwani nzima, lakini hayana nafasi katika karatasi za hospitali, ilhali maneno ya hospitali hayana nafasi barazani. Kwa hivyo mama aliyemkuta mwanawe amezimia, na mhudumu wa afya anayejaribu kumweleza la kufanya, wanaweza kuzungumza lugha moja bila ya kuelewana.

Neno dawa lenyewe lina mafunzo. Kiswahili huliita dawa lile linaloponya na lile linaloua: kuna dawa ya kikohozi na kuna dawa ya panya. Katika suala la afyuni, lugha imesema kweli bila ya kukusudia, maana ni kitu kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Heroini iliundwa maabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1874, kisha ikauzwa na kampuni ya Bayer kuanzia mwaka 1898, na mojawapo ya matumizi yake lilikuwa kutuliza kikohozi.

Hatimaye kuna neno pumzi. Pumzi, pumua na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Anayepumzika huvuta pumzi kwa raha. Naye aliyekufa husemwa kwa adabu kwamba amepumzika. Maana hizi mbili za pumziko ndizo zinazokutana katika mwili wa mtu aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni.

Jinsi Pumzi Inavyozimwa

Seli za neva zina sehemu maalumu katika utando wake zinazopokea ujumbe wa kikemikali. Sehemu hizi huitwa vipokezi. Kipokezi kinaweza kufananishwa na kiti cha barazani: anayekaa juu yake ndiye anayesikilizwa. Mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanana na mofini kwa utendaji, na hizo ndizo wenyeji halali wa viti hivyo. Mofini na heroini ni wageni wanaoketi mahali pa wenyeji na kutoa amri kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Kuwapo kwa vipokezi vya afyuni katika ubongo kulithibitishwa mwaka 1973. Baadaye ilifahamika kwamba viko vya aina kadhaa, na kwamba kile kinachoitwa kwa herufi ya Kiyunani, myu, ndicho chenye uzito zaidi katika suala hili. Panya walioondolewa jeni ya kipokezi cha myu, ambao taarifa zao zilitolewa mwaka 1996, hawakupata nafuu ya maumivu walipopewa mofini. Tafiti zilizofuata kwa panya wa aina hiyo zilionyesha kwamba upumuaji wao pia haukuzimwa na mofini. Matokeo haya yana uzito mkubwa. Yanaonyesha kwamba hakuna kiti kimoja cha kutuliza maumivu na kingine cha kuua. Kiti ni kile kile. Kinachotofautiana ni mahali kilipowekwa.

Mahali penyewe ni wapi? Mwaka 1991 kundi la watafiti lilitangaza kwamba, katika shina la ubongo wa panya, lilikuwa limetambua kijisehemu kidogo cha seli za neva ambacho huzalisha mapigo ya upumuaji. Kijisehemu hicho huitwa kiini cha preBötzinger. Seli zake hushtuka kwa pamoja, zikatulia, zikashtuka tena, na kila mshtuko ni amri ya kuvuta hewa. Binadamu hupumua usingizini bila ya kukumbuka kwa sababu mdundo huo haungoji fikra.

Seli nyingi za eneo hilo, pamoja na za eneo jirani lililo juu yake kidogo, zina vipokezi vya myu. Mofini inapoketi juu yake, mkondo wa umeme wa seli hushuka, nayo seli huwa nzito kushtuka. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha mchango wa kiini cha preBötzinger katika jambo hili, na tafiti za vipanya za mwaka 2020 na 2021 ziliongeza ushahidi kwamba eneo lile la jirani nalo lina dhamana kubwa. Mapigo ya upumuaji huanza kupungua kasi, pumzi moja ikakaa mbali na nyingine. Kwa kawaida, hewa chafu ya kaboni ikizidi katika damu ubongo hupiga mbiu na mtu huvuta pumzi hata kama hataki. Dawa hizi huizima mbiu hiyo pia. Ndiyo maana mtu aliyezidiwa hatapitapi wala hapigi kelele. Hulala, hukoroma kwa sauti nzito, midomo hubadilika rangi, kisha kimya. Walio karibu naye hudhani amepumzika.

Kumwondoa Mgeni: Naloksoni na Mafunzo ya Nyika

Njia ya kwanza ya kurejesha pumzi ni kumwondoa mgeni kitini. Hiyo ndiyo kazi ya naloksoni, dawa iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1971. Naloksoni ni ya ukoo ule ule wa mofini. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hapa methali inakaribia kuwa maelezo ya kikemia. Naloksoni hukipenda kiti cha myu kuliko mofini inavyokipenda. Husukuma, huketi, lakini hukaa kimya bila ya kutoa amri yoyote. Ikidungwa au kupulizwa puani, mtu aliyeacha kupumua anaweza kurejewa na pumzi katika dakika chache.

Afrika Mashariki ina historia yake katika elimu hii, nayo haikuandikwa hospitalini bali nyikani. Katika miaka ya 1960, Antonie Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefundisha na kufanya utafiti katika eneo hili, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mbinu ya kuwalaza wanyamapori wakubwa kwa kuwarushia sindano zenye dawa ya etofini, iliyojulikana wakati huo kama M99. Etofini ni ndugu wa mofini, lakini nguvu zake ni zaidi ya mara elfu moja ya mofini. Miligramu chache hutosha kumwangusha kifaru mwenye uzito unaopita tani moja. Mbinu hii iliwezesha kuwahamisha wanyama waliokuwa hatarini, kuwatibu majeraha ya mitego na kuwafunga vifaa vya kufuatilia nyendo zao. Hadi sasa madaktari wa wanyamapori nchini Kenya hutegemea dawa za jamii hiyo.

Hata hivyo, mnyama aliyelazwa kwa etofini yumo hatarini kama teja aliyezidiwa. Pumzi yake hupungua na oksijeni katika damu yake hushuka. Faru mweupe hujulikana hasa kwa udhaifu huu. Kwa hiyo tangu mwanzo ilibidi dawa ya kulaza iandamane na dawa ya kuamsha. Diprenofini ilitengenezwa kwa kazi hiyo: daktari humaliza shughuli, humdunga mnyama katika mshipa, naye huinuka baada ya dakika chache kana kwamba hakuna lililotokea. Madaktari wenyewe walijifunza kuchukua tahadhari, kwani tone la etofini linalopenya katika jeraha la mkono linaweza kumuua binadamu. Anayeibeba dawa hiyo porini hubeba pia kinga yake, na hafanyi kazi peke yake.

Nyika iliwafundisha madaktari kanuni ambayo miji mingi imechelewa kujifunza, yaani kwamba dawa ya kuzima haipaswi kufika mahali ambapo dawa ya kuwasha haijafika.

Pamoja na ubora wake, naloksoni ina mapungufu mawili makubwa. Kwanza, haidumu. Nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu hivi, ilhali methadoni au kipimo kikubwa cha heroini huweza kudumu zaidi. Mgonjwa huamka, walio naye hufurahi na kutawanyika, kisha usingizi humrudia akiwa peke yake. Pili, naloksoni haibagui. Inapoviondolea amri viti vyote, huviondolea pia vile vilivyokuwa vikituliza maumivu. Mgonjwa wa saratani aliyepewa mofini kupita kiasi hurejeshewa pumzi na maumivu yake yote kwa pamoja, naye teja hutumbukizwa katika arosto kali ghafla. Swali lililowashughulisha watafiti kwa zaidi ya miongo miwili ni hili: je, inawezekana kuamsha pumzi bila ya kuamsha maumivu?

Kuamsha Pumzi kwa Njia ya Pembeni

Wazo la njia ya pili ni rahisi kulieleza. Seli za upumuaji hazisikilizi kiti kimoja tu. Zina vipokezi vya kemikali nyingine ambazo huzihimiza kushtuka. Ikiwa mofini imezilemea kupitia kiti cha myu, huenda zikainuliwa kupitia kiti kingine, na mofini ikaachwa pale pale iendelee kutuliza maumivu mahali pengine mwilini.

Kemikali ya kwanza iliyoleta matumaini ni serotonini. Mwaka 2003 jarida la Science lilichapisha utafiti kutoka Ujerumani ambamo panya walipewa fentanili hadi upumuaji wao ukazorota, kisha wakapewa kiambata kilichoitwa BIMU8, chenye uwezo wa kuamsha aina mojawapo ya vipokezi vya serotonini. Upumuaji ulirejea, na jaribio la maumivu lilionyesha kwamba panya walikuwa bado wamepata kinga ya fentanili. Kwa mara ya kwanza, pumzi na maumivu vilitenganishwa kwa namna iliyoonekana wazi maabarani.

Miaka mitatu baadaye wazo hilo lilijaribiwa barani Afrika, kwa mnyama ambaye mkazi wa Siyu anamjua vizuri zaidi kuliko panya wa maabara. Mwaka 2006 Leith Meyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa mbuzi. Mbuzi hao walilazwa kwa etofini, na kama ilivyotarajiwa, upumuaji ulishuka na oksijeni ikapungua katika damu. Kisha wakapewa viambata viwili vya jamii ya serotonini, zakopridi na kile kinachotambulika kwa herufi 8-OH-DPAT. Upumuaji na oksijeni viliimarika, lakini mbuzi walibaki wamelala palepale. Kwa daktari wa wanyamapori, matokeo hayo yana thamani iliyo dhahiri: mnyama anaweza kuendelea kutibiwa bila ya kuinuka na kumshambulia mtu, na bila ya kufa kwa kukosa hewa.

Njia nyingine ilipitia glutamati, kemikali kuu ya kuhimiza neva. Kuna viambata viitwavyo ampakini ambavyo havikalii kiti cha glutamati chenyewe, bali hukifanya kisikilize zaidi amri inayotolewa na mwenyeji wake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walionyesha kwamba ampakini hupunguza mzoroto wa upumuaji kwa panya, na mwaka 2009 wakaeleza matokeo kama hayo kwa kiambata cha CX717 dhidi ya fentanili. Mwaka 2010 kiambata hicho kilijaribiwa kwa binadamu wenye afya waliojitolea. Upumuaji uliozoroteshwa na alfentanili uliimarika, na utulizaji wa maumivu haukuondoka. Hii ni miongoni mwa mara chache ambapo matokeo ya panya yalivuka na kuonekana kwa mtu.

Kipimo cha Tahadhari

Msomaji anayekutana na habari hizi kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba tatizo limekwisha tatuliwa. Halijatatuliwa. Hadi leo naloksoni na jamaa zake wa karibu ndio tegemeo la anayemwokoa mtu aliyezidiwa, na viambata vilivyotajwa hapo juu havijachukua nafasi hiyo. Sababu zake zinafaa kuelezwa, kwa kuwa zinafundisha namna ya kusoma utafiti wowote wa wanyama.

Sababu ya kwanza ni kwamba kipokezi cha panya si kipokezi cha mtu kwa kila hali. Baada ya mafanikio ya BIMU8, watafiti walijaribu mosapridi, dawa ya binadamu inayoamsha kipokezi cha serotonini cha aina hiyo hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba haikuzuia mofini kuzorotesha upumuaji wa watu waliojitolea.

Sababu ya pili ni kwamba hata miongoni mwa panya wenyewe, matokeo huweza kugeuka. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba vipanya waliokosa protini fulani inayofanya kazi chini ya kipokezi cha myu hawakuzorota sana kwa upumuaji walipopewa mofini. Juu ya wazo hilo kulijengwa matumaini ya kuunda dawa za maumivu zisizogusa pumzi. Mojawapo, oliseridini, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2020, lakini ikiwa na onyo kali lile lile kuhusu upumuaji. Mwaka huo huo, maabara kadhaa zilirudia majaribio ya vipanya hao na hazikuona tofauti iliyodaiwa. Jengo lilikuwa limepanda juu kabla ya msingi kukaguliwa mara ya pili.

Sababu ya tatu inahusu mazingira. Mnyama wa maabara ni kijana, ana afya, amepewa dawa moja kwa kipimo kinachojulikana, na anatazamwa ndani ya chumba cha kioo kinachopima kila pumzi yake. Teja wa pwani huwa na historia nyingine. Huenda amenunua unga usiojulikana nguvu zake. Huenda amechanganya na pombe, au na vidonge vya usingizi ambavyo mitaani huitwa bugizi, na vidonge hivyo huzorotesha upumuaji kupitia kiti kingine kabisa ambacho naloksoni haikigusi. Huenda ametoka gerezani au katika tiba, ambapo mwili wake umesahau kuvumilia kipimo alichokizoea zamani. Hakuna mbuzi wa Johannesburg aliyewahi kuwa katika hali hiyo.

Kwa wanyama nao kuna deni la kimaadili. Maelfu ya panya wamezimwa pumzi ili jambo hili lieleweke. Deni hilo hulipwa kwa namna mbili: kwa kutorudia majaribio yasiyo na lazima, na kwa kuhakikisha kwamba yale yaliyokwisha kuthibitika yanawafikia watu wanaoyahitaji. Ni katika lipo la pili ndipo upungufu mkubwa ulipo.

Kutoka Maabara hadi Pwani

Heroini ilianza kuenea katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1980. Kwanza ilivutwa, baadaye, ilipobadilika aina kuelekea mwaka 2000, matumizi ya sindano yaliongezeka, na hatari ya kuzidiwa nayo ikaongezeka. Mombasa, Malindi na Lamu zote zimeguswa. Tanzania ilianza tiba ya methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011. Kenya ilifuata kwa kuanzisha tiba hiyo Mathari, Nairobi, mwezi Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa mwaka 2015. Tiba hii imewarejesha wengi katika maisha ya kazi na familia. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba methadoni yenyewe ni ya jamii ya afyuni. Ikinywewa na mtoto au na mtu asiyeizoea huweza kuzima pumzi, na muda wake mwilini ni mrefu kuliko wa naloksoni.

Upande wa pili wa mizani lazima utajwe. Mofini si adui. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, imeonyesha kwamba mofini ya maji, iliyo rahisi na inayonyweka nyumbani, inaweza kumwondolea mgonjwa wa saratani mateso hadi siku zake za mwisho. Na tangu mwaka 2004 sheria za nchi hiyo zimewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mgonjwa wa kisiwani anastahili nafuu hiyo sawa na mgonjwa wa mjini. Mji ambao mama yake mashuhuri zaidi katika fasihi alitunga akiwa mgonjwa hauhitaji kuelezwa maana ya kuugua kwa muda mrefu nyumbani. Hofu ya kuzimwa pumzi, ikiachwa bila ya maelezo, huweza kuwanyima wagonjwa wa namna hiyo dawa wanayoihitaji.

Ni hapa ambapo hesabu ya maji na ya ubongo inarudi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba watu wanaoelekea kushuhudia mtu akizidiwa, wakiwamo jamaa, marafiki na watumiaji wenyewe, wapate naloksoni na mafunzo ya kuitumia. Pendekezo hilo linasomeka tofauti mjini Nairobi na tofauti Siyu. Nairobi ni nyongeza juu ya huduma ya gari la wagonjwa. Siyu, penye hori la mikoko na maji yanayopwa, mtu aliye chumbani ndiye huduma yenyewe.

Yanayopaswa kujulikana na mtu huyo si mengi. Aliyezidiwa huitwa kwa sauti na kutikiswa; kumwagia maji, kumpiga makofi au kumnywesha maziwa hakumrejeshei pumzi, na kinywaji huweza kumpalia. Asipopumua, au akipumua kwa nadra, hupuliziwa pumzi mdomoni huku pua imebanwa na kichwa kimeinuliwa nyuma, pumzi moja kila baada ya sekunde tano hivi. Mapafu ya mwokozi hufanya kazi ambayo shina la ubongo la mgonjwa limeiacha. Naloksoni ikiwapo hutolewa, na baada ya dakika mbili au tatu hurudiwa ikiwa hakuna mabadiliko. Akianza kupumua hulazwa kwa ubavu, na asiachwe peke yake hata akisema kwamba amepona, mpaka afikishwe kwa wahudumu wa afya. Hata mahali ambapo naloksoni haipo, pumzi ya mdomoni huweza kumhifadhi mtu hadi msaada ufike.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba dawa za jamii ya afyuni hutuliza na kuua kupitia kipokezi kimoja. Kwamba naloksoni hurejesha pumzi kwa kukiteka kipokezi hicho, ingawa kwa gharama ya kurudisha maumivu. Na kwamba tafiti za panya na mbuzi zimethibitisha kuwapo kwa njia za pembeni za kuamsha upumuaji peke yake, japo njia hizo hazijawa dawa ya kutegemewa na binadamu. Elimu ya kuokoa maisha kwa kile kilichopo tayari inatosha kuanzia leo.

Kilichobaki kinawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili kwa karibu zaidi. Istilahi kama kipokezi, kiambata na mzoroto wa upumuaji zimekwisha kuwa na umbo. Zinahitaji kupimwa barazani, kwa Kiamu, kwa lahaja za Pate na kwa Kimvita, hadi ijulikane ni zipi zinazoeleweka na mtu aliyeshikwa na hofu usiku wa manane. Neno kasumba nalo linastahili kurejeshewa maana yake ya awali, ili mzazi anayelisikia ajue kwamba kinachozungumzwa ni kitu chenye uzito na kipimo, kinachoweza kumzima mwanawe na ambacho kina dawa. Wanakili wa Siyu waliiandika elimu waliyoithamini kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, ili ifike kwa asiyekuwa nayo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kinachoeleweka, uliobandikwa katika ukuta wa zahanati ya kisiwani karibu na kabati la dawa, ungekuwa ni mwendelezo wa kazi hiyo.